Mheshimiwa Ndaturu Alivyozaliwa Maskini

Iko nchi moja inaitwa Sifania. Haipakani na nchi yoyote unayoijua, kwa hiyo usije ukaanza kutazamatazama pembeni. Watu wake ni wakweli kupita kiasi. Zamani sana walipitisha Sheria ya Ukweli wa Maandishi, inayosema kwamba lolote likishachapishwa katika Gazeti la Serikali ni kweli, na ikitokea dunia ikatofautiana na Gazeti, dunia ndiyo itakayorekebishwa. Kwa kazi hiyo pakaundwa Idara ya Ulinganifu, yenye magari, kamba za kupimia, mihuri na watumishi wenye moyo. Kufuta neno lililokwisha kuchapishwa ni uhaini. Kuongeza ni ruksa.

Sasa huko Sifania, kila unapokaribia uchaguzi, mbunge anayetaka kurudi kwenye kiti chake huchapisha wasifu wake katika Gazeti, ibara moja kila wiki, ili wananchi wapate kumjua mtu waliyekwisha kumchagua. Ni utaratibu mzuri sana. Nchi nyingine wabunge hujieleza majukwaani na maneno yakaenda na upepo.

Katika kijiji cha Igumila aliishi Mwalimu Nyamizi, mjane wa miaka sabini na mitano, mwenye magoti mabovu, macho mazima na mtoto mmoja. Mtoto mwenyewe ndiye Mheshimiwa Daktari Ndaturu Lugendo, aliyelitumikia taifa bungeni kwa miaka kumi na mitano, na katika muda wote huo alizungumza mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Naunga mkono hoja," kabla hoja haijatolewa, wakubwa wakamwona ni mtu anayeona mbali. Mara ya pili aliomba kiyoyozi kipunguzwe. Siku zilizobaki alipiga meza. Waziri akifika kwenye nukta tu, Ndaturu alikuwa ameshaitandika meza mpaka glasi za maji zikahama. Chuo kimoja cha ng'ambo, ambacho hakuwahi kukanyaga, kilimtunuku udaktari kwa mchango huo. Akateuliwa Makamu Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Kuangalia Kamati za Muda. Akazunguka nchi tisa kujifunza uendeshaji wa bandari, na ingawa Sifania haina bahari, aliporudi aliandika ripoti ya ukurasa mmoja kwamba bahari ni kubwa.

Huo ndio utumishi uliokuwa ukitafuta miaka mitano mingine.

Jumatatu moja asubuhi, Mwalimu Nyamizi akiwa anachambua mchele barazani, pikipiki ya serikali ilisimama mbele yake. Akashuka mtu mwembamba wa makamo, amevaa tai na kofia ya chuma, akaivua kofia kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Ahsante. Naitwa Pontian Kisesa, Mkaguzi Msaidizi, Idara ya Ulinganifu. Nimekuja kuhusu nyumba yako. Ina bati."

"Ina bati tangu marehemu mume wangu alipokuwa meneja wa kinu cha pamba," alisema Mwalimu. "Kwani imefanyaje?"

Bwana Pontian akafungua Gazeti, akakohoa, akasoma Ibara ya Kwanza: kwamba Mheshimiwa alizaliwa katika kibanda cha nyasi, juu ya ngozi ya mbuzi, nyota zikimtazama kupitia paa.

Mwalimu akacheka mpaka ungo ukamponyoka. Ndaturu huyo alizaliwa hospitali ya misheni, akarudishwa nyumbani kwa gari la ushirika, akalazwa kwenye kitanda cha chuma chenye chandarua. Hakuwahi kulala njaa hata siku moja, labda zile siku alizosusia ugali akitaka wali.

"Basi mtaling'oa bati?"

"Hapana, Mwalimu, sisi si wakorofi. Tutaezeka nyasi juu ya bati. Halafu patahitajika matundu ya nyota."

"Matundu mangapi?"

"Kanuni inasema yasipungue ishirini." Akapokea kikombe cha chai ya maziwa, akanywa, akatazama juu. "Lakini kwa kuwa mtoto mchanga hahesabu nyota, tutatoboa moja. Juu ya stoo."

Wakaezeka. Mwalimu akawaambia majirani kwamba mtoto anataka sifa kidogo, acha apate, nyasi hazimuumizi mtu. Mvua ya kwanza zikaoza na kuanza kunuka, naye akazoea.

Wiki ya pili Bwana Pontian alirudi na kamba ya kupimia. Akaifunga kwenye nguzo ya baraza, akaivuta hadi mlango wa Shule ya Msingi Igumila, akahesabu.

"Hatua arobaini na moja."

"Arobaini," alisema Mwalimu. "Una miguu mifupi."

Yeye ndiye aliyejua, maana alifundisha pale miaka thelathini na minne, kumi na miwili kati yake akiwa mwalimu mkuu. Alikuwepo siku wazazi walipokanyaga udongo wa matofali ya darasa la kwanza, na yeye mwenyewe alikanyaga, mimba ya miezi sita ikiwa tumboni. Hatua hizo arobaini Ndaturu alizishindwa kila asubuhi. Kengele ya saa moja na nusu ilikuwa ikigongwa saa mbili kasorobo, kwa sababu mgonga kengele alikuwa mama yake na alikuwa akimsubiri amalize maandazi.

Ibara ya Pili ilisema kwamba Mheshimiwa alitembea peku kilomita kumi na tisa kwenda shule, na kumi na tisa kurudi, akivuka mto wenye mamba.

"Kwa hiyo tunapungukiwa na kilomita kumi na nane na ushei," alisema Bwana Pontian huku akiandika. "Tulifikiria kuihamisha nyumba, ni rahisi zaidi. Ila tangu Ibara ya Kwanza nyumba hii ni kumbukumbu ya taifa, haisogezwi. Itabidi shule ndiyo iende."

"Iende wapi?"

"Mbali," alisema Bwana Pontian.

Mwalimu alidhani ni utani. Alhamisi yake malori manne yakaja. Wakashusha mabati, wakabomoa matofali moja moja kwa uangalifu mkubwa, wakapakia madawati, mbao za kuandikia na kengele, wakaenda kuisimamisha shule katika pori la Kasisi, mahali ambapo hata warina asali walikuwa hawaendi peke yao. Mkuu wa wilaya akakata utepe. Kibao kikaandikwa SHULE YA MSINGI IGUMILA (MBALI). Watoto wakakusanywa, wakaambiwa wavue viatu.

Palibaki suala la mamba. Kati ya kijiji na pori kilipita kijito cha Mangoga, ambacho mbuzi hukiruka bila kulowa. Iliundwa kamati. Kamati ikaenda kujifunza. Baadaye wakaletwa mamba wawili kutoka bustani ya wanyama ya mji mkuu, wakiwa na daktari wao na posho ya mazingira magumu. Wakawekwa kwenye maji yaliyowafika vidoleni. Siku ya tatu wakatoka wenyewe, wakaenda kulala kivulini chini ya gari la kamati, na hapo ndipo wajumbe walipotambua kwamba wamefanikiwa, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kulikaribia gari. Taarifa ikaandikwa kwamba mamba wapo na wanatisha.

Nchi nzima ilicheka habari za mamba. Igumila hawakucheka. Watoto mia tatu na kumi na wawili walikuwa wakitoka nyumbani jogoo la kwanza na kurudi kuku wanaingia bandani. Wakifika shuleni wanasinzia, wakiamka ni muda wa kurudi. Mwezi haujaisha, mia moja na zaidi walikuwa wameacha. Jioni moja Mwalimu alimkuta binti wa darasa la kwanza, mjukuu wa jirani yake, amelala kando ya njia, daftari ameliweka kichwani kama mto, nyayo zimechanika. Akambeba mgongoni kwa magoti yake yale yale mabovu. Alipomfikisha kwao hakurudi nyumbani. Alipanda kwenye kichuguu nyuma ya zizi, mahali pekee palipokuwa na mtandao, akampigia simu mwanawe.

"Shikamoo mama."

"Sitaki shikamoo. Rudisha shule."

"Mama, ngoja uchaguzi upite."

"Shule ilikuwa hatua arobaini, Ndaturu! Nilikuwa nakufuta pua mlangoni na unaingia darasani bado imekauka. Mto uliuvuka lini wewe? Hata beseni ulikuwa unaliogopa."

"Mama, huelewi siasa," alisema Ndaturu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Mpinzani wangu anawaambia watu kwamba alizaliwa njiani. Njiani, mama! Mimi nina bati, nina baba meneja, nina maandazi. Nani atanipa kura? Watu wanataka mtu aliyeteseka."

"Basi ukateseke wewe. Kwa nini wanateseka watoto wa wenzio?"

Kwa mbali kwenye simu ilisikika sauti ya vijiko na sahani.

"Nitawaletea viatu," alisema. "Baada ya uchaguzi. Nawe mama, nakuomba, ibara ya wiki hii usiisome. Ni mambo ya kisiasa tu."

Jumatatu Bwana Pontian alikuja amevaa tai nyeusi. Mkononi alikuwa na kilo mbili za sukari na bahasha. Alisimama uani kofia iko kifuani, hakukaribia baraza.

"Pole sana, Mwalimu."

"Pole ya nini?"

"Ya msiba."

"Nani kafa?"

Bwana Pontian akavitazama viatu vyake.

"Wewe," alisema.

Mwalimu Nyamizi akaweka ungo chini. "Lini?"

"Miaka arobaini na tisa iliyopita. Mheshimiwa alikuwa na umri wa miaka minne." Akasoma, na sauti yake ilikuwa ikikwama hapa na pale: kwamba Mheshimiwa ni yatima, kwamba mama yake, mwanamke maskini asiyejua kusoma, alifariki amemshika mkono, kwamba katika pumzi ya mwisho alimwachia wosia, na wosia huo Mheshimiwa ameutii siku zote za maisha yake bila kuukiuka hata siku moja.

Mambo ya nyasi Mwalimu aliyacheka, ya shule yalimkasirisha. Haya yalimuumiza. Alimlea mtoto yule peke yake tangu akiwa na miaka kumi na mmoja, baba yake alipofariki. Alimfundisha kusoma juu ya mapaja yake. "Asiyejua kusoma," alirudia, akaificha mikono ndani ya khanga.

"Na sasa mtaniua?"

"Mungu apishe mbali! Idara haiui watu, Mwalimu. Hatujawahi kupewa fungu hilo." Akatoa fomu, nakala tatu. "Utakuwa Marehemu kwa Matumizi ya Serikali. Utakula, utalima, utalala kama kawaida. Ila hutapiga kura, hutapanga foleni, na wakija wageni hutawasalimia. Kaburi lako litajengwa hapa penye mlimao. Lenye vigae. Jumamosi Mheshimiwa anazindulia kampeni juu yake."

"Nasaini wapi?"

"Hapo, kwenye nukta. Jina la marehemu." Alimtazama akisaini kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima, akapangusa uso kwa leso. "Limebaki jambo moja. Wosia. Gazeti limesema upo, lakini halikusema unasema nini. Jumamosi lazima usomwe kaburini, na Jumatatu uchapishwe. Walioko mjini wameniambia nitunge mwenyewe, kitu cha kuhusu uzalendo. Siwezi. Kanuni ya saba inasema wosia huandikwa na marehemu, hata asiyejua kusoma."

"Ambaye ni mimi."

"Ambaye ni wewe, Mwalimu. Nimekupa sasa hivi karatasi inayothibitisha."

Mwalimu akamtazama mtu huyo mwembamba kwa muda mrefu. Akagundua kwamba serikali nzima ya Sifania ilikuwa imemtumia, pengine kwa bahati mbaya, mtumishi mmoja mwaminifu.

"Nikishaandika, anaweza kuufuta nani?"

"Hakuna. Hata Spika."

"Na kama wosia na dunia havilingani?"

"Hiyo ndiyo kazi yangu," alisema Bwana Pontian.

Fomu ya wosia ilikuwa na mstari mmoja tu. Kwanza Mwalimu alifikiri kuandika kwamba shule irudishwe. Akajiuliza itakuwaje wiki ijayo, na ibara ijayo, na miaka mitano mingine. Aliingia ndani, akafunga mlango, akakaa na kalamu karibu saa nzima. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na bahasha ilikuwa imefungwa kwa gundi.

Jumamosi saa nne asubuhi Igumila ilijaa magari. Kaburi lilikuwa limenakshiwa vigae vya rangi ya maziwa, na marehemu mwenyewe alikuwa ndani ya nyumba, dirisha limefungwa nusu kama alivyoagizwa, anachungulia. Mwanawe alishuka kwenye gari lenye bendera, amevaa suti ya kijivu, miguu peku. Nyuma yake kijana mmoja alibeba viatu kwenye mfuko.

Hotuba ilikuwa nzuri sana, lazima tuseme haki. Ndaturu alieleza alivyochunga mbuzi kwa njaa, alivyowapiga mamba makofi, alivyomlilia mama usiku kucha. Kufika hapo akaanguka juu ya vigae akalia kweli kweli, machozi ya kweli, mpaka wanawake waliokuja kwa lori wakalia pamoja naye. Nyuma ya dirisha Mwalimu naye alilia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumsikia mtoto wake akimwita mama bila kuwa na haraka.

Kisha Bwana Pontian akaitwa. Akachana bahasha mbele ya mashahidi, akaitazama karatasi, akaisoma tena peke yake midomo ikicheza, akajiweka sawa tai.

"Wosia wa marehemu Nyamizi kwa mwanawe," alisoma kwa sauti ya ofisini. "'Mwanangu Ndaturu, usigombee ubunge.' Mwisho wa kunukuu."

Watu walipiga makofi, kwa mazoea. Makofi yakafifia upande mmoja, yakafifia upande wa pili, yakaisha.

"Endelea," alisema Ndaturu kutoka juu ya kaburi.

"Ni hilo tu." Bwana Pontian alikuwa ameshatoa Gazeti, kidole kiko kwenye mstari. "Na hapa Gazeti linasema wosia huo umeutii siku zote za maisha yako bila kuukiuka hata siku moja. Kwa hiyo hujawahi kugombea ubunge."

"Wewe una wazimu? Nimeshinda mara tatu!"

"Hujawahi kugombea, ndugu."

Lile neno ndugu lilimpata Ndaturu kuliko yote. Alimgeukia katibu wa chama, akamkuta amefunga jalada lake na anaitafuta njia ya kutokea. Alimgeukia dereva wake. Dereva, mtu wa heshima, alikuwa anakunja bendera. "Samahani, mzee," alisema, "gari hili ni la mbunge." Yule mwenye viatu alisimama akifikiri, akauweka mfuko chini taratibu, akakimbilia gari. Bendi ilikuwa imeshalipwa, ikapiga wimbo mmoja wa harusi ndipo ikaondoka.

Bwana Pontian ndiye wa mwisho kubaki. Aliandika papo hapo kwamba asiyekuwa mbunge hana wasifu, na pasipo na wasifu hapana kilomita, na kwamba malori yafike Jumatatu kuirudisha shule. Akaandika pia kwamba Mwalimu yu hai. Hapo kalamu ikasita. Akaona kwamba kama yu hai basi hakuna marehemu, na kama hakuna marehemu, wosia umeandikwa na nani? Akatokwa jasho. Akatazama saa, akakumbuka kwamba ni Jumamosi, na Jumamosi kazi za Idara huisha saa sita. Akapiga muhuri, akavaa kofia yake, akaondoka mbio kabla dunia haijambadilikia tena.

Uani palibaki mtu mmoja ameketi juu ya kaburi tupu, peku, anafuta vumbi kwenye suti.

Mwalimu Nyamizi akatoka, akashuka ngazi za baraza moja moja, akaenda kuketi pembeni yake. Vigae vilikuwa vya moto.

"Umeniua, mama," alisema Ndaturu.

"Wewe ulitangulia, mwanangu."

Ndaturu alikuwa na miaka hamsini na mitatu na kidevu kilikuwa kinamcheza kama cha mtoto.

"Ningeandika nini? Kwamba nilipendwa na nilishiba? Nani angenitaka?"

"Sijui," alisema Mwalimu. "Hukuwahi kujaribu. Lakini na mimi sikukutendea haki. Wosia ule nilipaswa kukupa miaka kumi na mitano iliyopita, siku ulipokuja kunionyesha fomu. Nilikujua. Nilijua unataka kupigiwa makofi tu. Nikanyamaza, kwa sababu nilitaka kuitwa Mama Mheshimiwa, nikae mbele harusini, nipishwe foleni zahanati. Nimekaa mbele harusi nyingi, Ndaturu. Na watoto wa watu wamechanika miguu."

Ndaturu akaitazama miguu yake. Mtu aliyepita njiani angedhani ni watu wawili wanaopumzika baada ya kulima.

"Udaktari nao wataninyang'anya," alisema Ndaturu kwa sauti ndogo. "Na kamati. Na nyumba ya mjini. Kwa hiyo mimi sasa ni nani?"

"Mtoto wa Nyamizi," alisema mama yake. "Cheo hicho hakigombewi."

Akajishika magoti, akainuka, akaenda ndani kumwekea maji ya kuoga.